Biashara ya Orest Pidhirny

Kila Januari, wiki ile ya dirisha la usajili wa wachezaji kufungwa, Orest Pidhirny huugua. Daktari hajawahi kuona kitu. Presha nzuri, moyo unadunda kama wa kijana, sukari imepanda kidogo, lakini huku kwetu nani hana sukari iliyopanda kidogo? Ila mtu hali, hanyoi ndevu, na ukimsemesha anakujibu baada ya muda, kama vile maneno yako yamepitia kwanza mahali pengine. Mimi ni jirani yake, ua kwa ua, tangu marehemu mume wangu aliponunua ile nyumba mbovu ninayoishi mpaka leo. Uwanjani nakaa nyuma yake. Kisogo cha Orest nakijua kuliko uso wangu.

Sisi watu wa Dunvik hatuna mengi. Tuna maghala ya ngano, makanisa matatu yasiyopendana, na timu ya hoki ya barafu inayoitwa Bundi. Timu si ya tajiri yeyote. Ni ya wanachama, na kadi ya uanachama hapa mtu humrithisha mwanawe kama anavyomrithisha shamba, kwa hiyo kila mtu ni kocha na kila mtu anajua kuliko kocha. Wachezaji ni vijana kati ya miaka kumi na sita na ishirini. Wanatoka mbali, wanalala majumbani mwetu, wanamaliza maziwa yetu, wanatuita mama na mzee. Halafu siku moja wanauzwa.

Kuuzwa kuna utaratibu wake. Mchana simu inalia, jioni kijana amefungasha, kwa sababu timu mpya inacheza kesho na inamtaka jana. Mama mlezi analia kidogo, baba anabeba begi, gari linaondoka. Wiki inayofuata kitanda kile kile kinatandikwa kwa mwingine. Tumezoea. Ukiishi hapa unazoea, au unahamia mjini.

Zamani Orest alikuwa profesa wetu. Jumamosi asubuhi tulikusanyika kwenye ukumbi wa uwanja, mahali pa kahawa, naye akachukua vipakiti vya sukari na kuvipanga mezani. Hiki ni chaguo letu la raundi ya kwanza, hiki la pili, hiki ni nahodha. Alikuwa akitufundisha hesabu ya timu kujengwa upya: aliyeshika mkia huchagua kwanza kwenye uteuzi wa vijana, na chaguo lenyewe, yaani ile zamu ya kuchagua, linaweza kununuliwa kwa mchezaji, kwa hiyo uza wakubwa wakiwa bado na thamani, kusanya machaguo, vumilia kipigo misimu miwili, kisha uvune. Alikuwa anaongea huku macho yakimng'aa. Hata waliompinga walimsogezea sukari zaidi.

Miaka mitano iliyopita alishinda hoja. Nahodha wetu alikuwa Garrett Lavallee, kijana wa pwani ya magharibi, mcheshi, mwenye goti lililokuwa likimsumbua. Alikuwa akilala kwa Orest na Verna. Miaka mitatu alikula mezani kwao, na Verna, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuwa akimkata nywele jikoni. Orest alisimama mkutanoni akasema Garrett auzwe. Alisema bila chuki, kama mkulima anayeuza ng'ombe anayempenda. Wanachama wakapiga kura, biashara ikafanyika mchana ule ule, na jioni Garrett akaondoka.

Njiani upepo uliamka. Huku mbingu inaweza kuwa safi juu na wewe huoni mkono wako, maana upepo huinua theluji iliyolala mashambani na kuipitisha barabarani kama moshi. Gari la Garrett liliteleza likaingia mtaroni. Mtoto wa hapa hufundishwa kabla hajajua kusoma: gari likikwama, kaa ndani, usitoke hata ukiona taa. Garrett alikuwa mtu wa pwani, kwao ni mvua tu, na miaka yote mitatu majira ya baridi alisafiri kwa basi la timu. Aliona taa ya shamba la mtu, akatoka kuifuata. Walimkuta asubuhi ameganda, ameegemea waya wa uzio.

Mojawapo ya machaguo mawili tuliyopewa kwa Garrett ndilo lililomleta Teague Rasmussen, winga ambaye hajawahi kuonekana mwingine kama yeye Dunvik. Watu wakasema, ile biashara ya Orest, haijatokea biashara kama ile. Wanaisifu mpaka leo. Katika sifa zote hizo jina la Garrett halitajwi, utadhani tulibadilishana gunia la ngano.

Teague alipofika, akiwa na miaka kumi na sita, nyumba zote zilikuwa zimejaa. Klabu ikauliza kama kuna mwenye chumba. Verna alisema ndiyo kabla Orest hajafungua kinywa. Basi kijana akalala kitanda kile. Sijui Verna alikuwa anafikiria nini. Nilimuuliza, akaniambia chumba kitupu kinazungumza.

Na Orest akanyamaza. Profesa mzima alikuja kunywa kahawa kama mtu aliyekaa stendi asiyejua anakwenda wapi. Mwaka jana, tukiwa tunasukuma theluji uani, aliniambia bila kunitazama kwamba Januari husikia mtu barazani akikung'uta theluji kwenye viatu. Mguu wa kulia mara mbili, wa kushoto mara moja, kama alivyokuwa akifanya yule. Anakwenda kufungua mlango. "Unamkuta nani?" nikamuuliza, mjinga mimi. Akasema, "Ndiyo shida. Simkuti." Nilirudi ndani nikawasha taa zote.

Mwaka huu Bundi tulikuwa nafasi ya nane, si wagonjwa wala wazima. Teague alikuwa ametimiza ishirini, msimu wake wa mwisho. Fort Kessel, timu ya kaskazini yenye tamaa ya kombe, ikapiga simu. Ukumbi wa kahawa ukawaka moto.

"Wewe Leona, tuambie ukweli," Murray Toews alianza. Murray anauza matrekta, na huongea kama mtu aliyepanda trekta linalonguruma. "Tukimbakiza Teague tunapata nini?"

"Tunaingia mtoano," alisema Leona Fehr, mwalimu mstaafu, mkulima, na mwanamke pekee ninayemjua aliyewahi kufukuzwa uwanjani kwa kumtukana mwamuzi.

"Mtoano! Wa nane anakutana na wa kwanza. Tunachapwa mechi nne mfululizo, tunarudi nyumbani na picha. Hongera zetu!"

"Afadhali picha kuliko ahadi. Kila siku mnatuambia timu inajengwa upya. Nyumba gani hii isiyoisha kujengwa? Hata kanisa la Walutheri liliisha!"

Watu wakacheka, hasa Walutheri.

"Dada yangu, msimu ujao umri utakuwa umempita. Ataondoka bure. Bure, Leona! Hawa jamaa wanatupa machaguo mawili ya raundi ya kwanza, na yule beki wao mrefu juu yake."

"Machaguo ni watoto wa miaka kumi na minne, Murray. Sauti hata hazijavunjika. Unauza mwanaume unanunua mbegu."

"Na wewe uliyelima maisha yako yote, leo unaogopa mbegu?"

Hapo ukumbi ulilipuka, na Leona mwenyewe akacheka, akamrushia kitambaa cha karatasi. Murray alipoona ameshinda akamgeukia Orest. "Profesa! Mbona kimya? Tusaidie bwana. Tupe nyingine kama ile ya mwaka ule. Ile uliwalaza!"

Nikaona shingo ya Orest ikiingia ndani ya kola. Mbele yake palikuwa na vipakiti vya sukari ambavyo mtu alivisogeza kwa mazoea. Akavikusanya vyote, akavirudisha kwenye bakuli, akapangusa meza kwa kiganja, akaondoka bila kofia kwenye baridi ile. Nilitamani kummwagia Murray kahawa yangu kichwani. Murray hana roho mbaya. Hana kumbukumbu, basi, na kuna siku naona afadhali mtu awe na roho mbaya.

Mkutano ulifanyika siku ya dirisha kufungwa, mchana. Wanachama walijaa mpaka kwenye ngazi. Hoja zilikuwa zile zile, ila kwa sauti ya juu zaidi. Kura zikapigwa kwa mikono na upande wa kuuza ukashinda. Mwenyekiti wetu alikuwa ameshatoa simu mfukoni kuwapigia Fort Kessel pale Orest aliposimama. Miaka mitano hakuwa amesimama.

"Biashara ni nzuri," alisema. "Kijana anaondoka bure msimu ujao. Machaguo mawili ni mengi. Mimi pia nimenyoosha mkono."

Murray akapiga makofi. Orest akamngoja amalize.

"Lakini haondoki leo. Atalala kwangu. Ataondoka kesho, jua likiwa juu."

"Mzee Orest," mwenyekiti akasema kwa upole, "Fort Kessel wanacheza kesho, wanamtaka afike usiku huu. Na hali ya hewa ni safi. Nimeangalia hapa sasa hivi."

"Sikukuuliza hali ya hewa."

Mwenyekiti akaitazama simu yake, akatutazama sisi. Nadhani wengi ndiyo kwanza walikumbuka. Uliona nyuso zikibadilika safu kwa safu, watu wakitafuta mahali pa kuweka macho. Leona ndiye aliyesema, "Mwacheni kijana alale." Hakuna aliyebisha.

Jioni ile, Mungu wangu, haikuwa na upepo hata wa kuzima mshumaa. Barabara kavu, mbingu imejaa nyota, baridi imetulia. Teague angeendesha mpaka Fort Kessel kwa mkono mmoja huku anakula sandwichi. Nilisimama barazani nikafikiri, haya, mzee ameharibu usingizi wa watu bure.

Alfajiri niliamshwa na nyumba ikilia. Upepo ulikuwa umekuja bila redio wala simu yoyote kuutangaza. Nilipochungulia dirishani sikuiona nyumba ya Orest, sikuuona hata uzio wetu. Nikasubiri kupambazuke, nikapasha kale katrekta kangu ka kusukuma theluji, nikaenda kwao polepole nikifuata uzio, nikiwa na wasiwasi nisioweza kuupa jina.

Nilipofungua mlango wa jikoni wa nyuma nikawakuta wote watatu wamesimama. Teague alikuwa amevaa koti, begi la hoki lipo miguuni, simu mkononi. Sauti ya meneja wa Fort Kessel ilijaa jiko zima: walimtarajia jana, kwao hakuna upepo wowote, wachezaji wa Dunvik ni wa sukari nini, watayeyuka? Verna alikuwa kwenye jiko akigeuza mayai ambayo hakuna mtu angeyala. Orest alikuwa ameegemea mlango wa mbele akiwa na nguo za kulalia, nywele zimesimama kama ufagio wa zamani. Angekuwa mtu mwingine ningecheka.

Teague akakata simu. "Mzee, nipishe. Ni siku yangu ya kwanza kwa watu. Nitaendesha taratibu."

"Huendi."

"Nimeshaendesha kwenye upepo."

"Huendi, nimesema."

Kijana hakuwa mkorofi. Miaka minne sijamsikia akiinua sauti ndani ya nyumba ile. Lakini alikuwa na miaka ishirini na moto wake, akasema lile lililokuwa kweli. "Ungeniacha jana ningekuwa nimeshafika. Wewe ndiye uliyeniweka kwenye upepo huu."

Orest aliyumba kidogo, kama mchezaji aliyesukumwa kwa bega kwenye ubao wa ukingo wa uwanja. "Najua," akasema. "Najua, mwanangu. Nikiharakisha naua, nikichelewesha naua."

"Orest," Verna akasema bila kugeuka.

"Acha nimwambie. Anastahili kujua amelala kwa nani." Akamtazama Teague usoni. "Yule wa kabla yako, nilimfukuza. Mama yako hapa alisema alale mpaka asubuhi. Mimi nikasema aende sasa hivi, upepo haujaamka. Upepo gani? Sikuwa nafikiria upepo. Mchana nimenyoosha mkono auzwe, halafu jioni nikae naye mezani nimpitishie chumvi? Sikuweza. Nilimwonea haya. Nikamwekea funguo mkononi mimi mwenyewe. Hata lile la gari likikwama asitoke sikumwambia. Kila mtoto wa mji huu nimemwambia, hata nisiowajua. Yeye sikumwambia, nilitaka tu atoke machoni pangu."

Mayai yalikuwa yanaungua. Verna akazima jiko. Alijipangusa mikono kwenye aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ulipompa funguo ulikwenda karakana," akasema.

"Nilikwenda. Sikutaka kumwona akiondoka."

"Basi hukuona. Nilimwita akarudi ndani."

Orest akamwangalia kama mtu anayesikia lugha asiyoijua.

"Perogi zilikuwa bado hazijaiva," Verna akaendelea. "Nilikuwa nimemkandia unga nikazijaza viazi na jibini, zile anazozipenda. Nikamwambia, hutoki kwangu na njaa, subiri zichemke. Akasubiri, Orest. Nilizichemsha, nikazikaanga na kitunguu, nikamwambia ale moto moto, nikamfungia nyingine za njiani. Alikaa sana. Angetoka wakati ule uliosema wewe, angepita pale kabla ya upepo. Nimepiga hesabu mara nyingi, huwa inakuja vile vile. Angefika. Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Niliwajua watu hawa miaka mingi, nimekula kwao Krismasi zote za ujane wangu, na pale nilitaka kuwazaba makofi wote wawili. Miaka mitano! Kitanda kimoja, meza moja, kila mtu anabeba maiti nzima peke yake na kumficha mwenzake. Wakaanza kugombania kosa kama watu wanaogombania kulipa hotelini. Ni langu. Hapana, ni langu. Wewe ulimpa chakula tu. Na wewe ulimpa funguo tu. Orest alikuwa analia bila kujua analia.

Teague ndiye aliyewanyamazisha. Alikuwa amevua koti, sikumwona akilivua. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama Verna, alikuwa anasema nini? Huo muda aliokuwa anakula."

Nadhani hakuna mtu duniani aliyewahi kumuuliza hivyo. Verna akakaa chini.

"Alikula amesimama hapo hapo uliposimama," akasema. "Kwa vidole, anajiunguza, anacheka. Akaniuliza, mzee ana haraka gani leo? Nikamwambia hawezi kukutazama, ndiye aliyepeleka hoja. Akasema anajua, wachezaji wote wanajua." Akamgeukia mumewe. "Orest, alinipa ujumbe wako. Sikuufikisha. Ungeniuliza alinipa saa ngapi, na ungejua nilimweka."

"Ujumbe gani?"

"Alisema, mwambie mzee asijifiche karakana kama panya. Machaguo mawili ya raundi ya kwanza kwa goti bovu kama hili? Mwambie amewapiga walioninunua. Hata mimi ningejiuza."

Orest aliteleza taratibu mgongo ukiwa mlangoni mpaka akakaa juu ya begi la Teague. Midomo yake ilikuwa inacheza. Sikujua kama ni kicheko au ni nini, na sidhani kama yeye alijua. Nje hakukuonekana kitu.

"Rudia," akasema.

Verna akarudia.

"Tena," akasema. "Kwa sauti yake, Verna. Alisemaje?"